Daktari Aliyesema Hajui

Nakusalimu, mwangaluka, mjukuu wangu Kabula. Anayeandika ni shangazi yako, mkono wangu unajua jembe tu. Huku Ngulyati tuko wazima, pamba imechanua, na yule jogoo wako mkorofi tumeshamla.

Unauliza kama umkimbie huyo daktari, eti hajui uvimbe wa taya lako ni nini mpaka akate kipande cha mfupa kikapimwe. Dada yangu Minza alivimba taya hivyo hivyo, akiwa msichana bado. Mng'oa meno wa mnadani akasema, "Jino bovu hilo!" Akang'oa mawili, yote mazima. Mganga akasema marehemu bibi yetu anadai ng'ombe mweusi. Tukachinja, nyama tukala sisi, Minza akashindwa kutafuna. Kila mmoja alikuwa na jina la ugonjwa kabla ya kutazama. Hospitalini tu ndiko mtu alikosema, "Sijui, ngoja tupime." Baba akafoka, "Daktari gani hajui?" Akamrudisha nyumbani. Minza tukamzika, na mpaka leo sijui kilichomuua.

Wewe kaa hapo hapo ukatwe. Ukitoroka nakufuata na fimbo, hata kwa miguu yangu hii mibovu.

Bibi yako.