Miwani ya Jua Wakati wa Barafu

Mesquite, Jumanne, Januari 1999

Itangazwe kwa wote: leo mimi, dereva wa teksi mwenye kitambi, nimenunua miwani ya jua. Barafu imejaa barabarani.

Mke wangu kacheka. "Baba Salma, baridi yote hii, jua liko wapi?"

"Urembo tu, mama."

Jua la huku ughaibuni hupita chini angani, likapiga barafu na kurudi machoni. Marehemu baba aliendesha lori Mombasa. Kijinyama kilimea jicho lake la kulia, upande wa dirisha uliopigwa na jua, mpaka likapofuka. Huku usukani uko kushoto.

Asubuhi, kwenye kioo cha gari, kijinyama kilekile, jicho langu la kushoto. Kama baba ananitazama.

Nikaenda hadi kliniki ya macho. Nikakaa garini, nikashindwa kushuka. Miwani nimeinunua duka lililo jirani na kliniki.