Anena apige magoti au asimame?

Mama Nusura mpendwa, nakuandikia kwa sababu kusema siwezi, nilianza shule kwa Kifaransa Bukavu nikaendelea kwa Kiingereza hapa Kampala na kwa lugha zote mbili ninachojua vizuri ni kunyamaza, lakini kikundi chetu cha maigizo cha vijana hapa Nsambya kimenipa nafasi ya Anena, msichana ambaye baba yake mdogo anamtoa shule akamkalie dukani, na mwanzoni anamletea maji kwa magoti kama wasichana wa hapa, anasema "ndiyo, baba" kwa kila kitu, na mwishoni anamletea maji tena na kukataa, basi nikamwandikia hotuba, "Mimi si yule Anena wa zamani, moyo wangu umegeuka," mistari kumi na miwili, Mwalimu Moreen akaikata yote kwa kalamu, akasema, "Usituambie umegeuka. Mfanyie Ulrich kitu," Ulrich ndiye anayeigiza baba mdogo, nikaona basi nisipige magoti, nikasimama, Ulrich akacheka, "Banange, jamani, bibi nyabo ameamka vibaya leo!" na mwalimu akasema hicho ni kiburi tu, bado naongea na viatu vya Ulrich, Ijumaa nisipoweza nafasi anapewa mwenzetu Shamim, na hili sijamwambia mtu, nimepanga Jumamosi, siku ya onyesho, mbele ya watu wote niiseme hotuba yangu kwa nguvu, je, nafanya vibaya?
Estelle, Nsambya

Estelle mwanangu,

Unafanya vibaya. Nilikuhurumia mpaka hapo pa kumvizia mwalimu wako jukwaani. Msichana anayeogopa kumtazama Ulrich atasema mistari kumi na miwili kwa nani? Kwa ukuta. Hotuba ile ni pazia, umejificha nyuma yake.

Piga magoti. Ndiyo, kama mwanzo kabisa! Heshima haikuwa ugonjwa wa Anena, ugonjwa ulikuwa woga. Mwanzoni mpe gilasi ukitazama sakafu, aichukue kabla hujamaliza kusema. Mwishoni mtazame usoni, sema, "Baba, Jumatatu narudi shule," na gilasi usiiachie. Ulrich avute, aone haitoki. Mkono wake ndio utakaowaambia watu kwamba umegeuka, wewe huna haja ya kuongeza neno.

Na usingoje Ijumaa. Leo hii mpelekee Mwalimu Moreen karatasi ya hotuba, mweleze ulichokuwa umepanga, halafu usiiachie mpaka akujibu.