Sahani ya Bibi wa Palermo

Shikamoo Dada Rehema. Hapo Scarborough bado mnakwangua barafu kwenye vioo vya gari? Huku Palermo leo mvua imenikuta natoka kutazama kanisa la kale, nikajibanza mlangoni kwa bibi mmoja aliyekuwa anakaanga dagaa kwa vitunguu na zabibu kavu. Akanivutia kiti, akanisogezea sahani. Nami, kwa adabu tulizofundishwa na mama, nikatikisa kichwa na kupapasa tumbo: nimeshiba. Nilikuwa na njaa, dada! Nikasubiri anibembeleze. Wapi! Akatabasamu, akaivuta sahani, akala mpaka mwisho, mimi nanusa tu.

Ndipo nikakumbuka jikoni kwako, nilipokuomba tuje wote, ukasema, “Nenda tu mdogo wangu, mie nikafanye nini huko?” Nami nikakata tiketi moja. Kumbe ulikuwa unasubiri nikubembeleze. Chumbani kwangu kuna vitanda viwili. Kwenye kimoja nimeulaza mkoba, na kila nikiutazama roho inaniuma.

Basi nakukaribisha tena: mwakani tuje wote. Ukisema umeshiba, sahani siondoi.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura