Bosi na Mhusika B

Mwenzangu, acha unachofanya usome hapa!

Yule mshauri nasaha wetu kaandika makala ya utafiti kuhusu hasira kazini, anataka ichapishwe kwenye jarida. Majina kayaficha. Bosi wetu humo kaitwa "Mhusika B", anayerusha kalamu akikasirika.

Sasa jarida likadai kibali cha mwajiri. Mwajiri nani? Bosi huyohuyo!

Kaisoma palepale, mshauri kasimama jasho linamtiririka.

Bosi KACHEKA. Kacheka mpaka machozi! "Huyu B ni kichaa! Watu wanamvumiliaje?"

Halafu akawaonea huruma hao watu, hasira zikampanda, akarusha kalamu. KALAMU, mwenzangu!

Kibali katoa, ila kaagiza B aletwe ofisini kwake kesho, amtie adabu.

Mshauri kaja mezani kwangu: "Dada, nimpelekee kioo?"