Kivumbasi cha Njia ya Nyuma

Jumatatu, 6 Januari 2025
Uji. Dawa ya presha ya Mama. Kisha nimempeleka chooni kwa mkono. Choo kiko uani tu, lakini hathubutu kwenda peke yake. Kwake kijijini Hombolo alikuwa anakwenda mwenyewe, ingawa macho yalishazima zamani. Leo kasema tena anataka kurudi. "Hapa mnanibeba kama mzigo wa kuni." Mdogo wangu Yona atakuja kumchukua tarehe mbili Februari, na gari la kuazima. Kule atakaa peke yake. Mwaka jana aliungua mguu jikoni. Naogopa.

Alhamisi, 9 Januari
Mama ana mafua. Kaomba kivumbasi. Nimekikuta kando ya mtaro, kimejiotea. Nimechemsha, nimemfunika blanketi ajifukize. Harufu ile. Nilirudi utotoni palepale: sisi wanne chini ya blanketi moja, Yona analia macho yanamwasha, Mama anacheka. Kivumbasi kilikuwa kila mahali. Uvunguni, kufukuza mbu. Kwenye debe la kunde, wadudu wasiingie. Kabla mgeni hajalala, chumba kilifagiwa kwa matawi yake.
Alipotoka kwenye blanketi aliyashika yale matawi muda mrefu. "Hiki ndicho kilikuwa kinanipeleka chooni."
Nimekumbuka. Kule kimeota pande mbili za njia. Anakipapasa kwa fimbo, kinanukia, anakifuata. Harufu ikiisha, amefika.

Jumamosi, 11 Januari
Manyunyu. Nimeng'oa miche mtaroni pamoja na udongo wake, nimeipanda kutoka mlango wa nyuma hadi chooni. Pande mbili. Sijamwambia mtu. Mikono inanukia. Nina furaha ya kitoto.

Alhamisi, 16 Januari
Nimerudi sokoni, njia nyeupe. Mume wangu, Baba Neema, kang'oa vyote na kufagia. Alitaka mkwe wake asijikwae, nyoka asijifiche. Kumwuliza mwenyewe hawezi. Sisi Wagogo, mkwe ni wa kuheshimiwa kwa mbali. Tangu Mama aje, anakula sebuleni peke yake na hukohoa kabla ya kupita uani. Kafanya kwa heshima, najua. Hata hivyo nimemwambia maneno mabaya. Mama kasikia yote. Jioni nimemkuta anapanga nguo zake kwenye begi.

Jumamosi, 18 Januari
Mvua ya asubuhi. Baba Neema katoka na jembe bila kuaga. Karudi na toroli limejaa kivumbasi. Kapanda kimya, shati limelowa. Mama yuko dirishani, anasikiliza jembe.
"Mwambie mkwe wangu asibananishe. Mimi mnene."
Nje, kikohozi. Kisha kicheko. Tangu Mama aje, sijawahi kumsikia mume wangu akicheka hapa nyumbani.

Ijumaa, 24 Januari
Jua kali. Miche imelala, mingine imekufa. Baba Neema anamwagilia asubuhi na jioni. Mama hatoki bila mimi. Begi liko mlangoni. Yona kapiga simu, yuko tayari. Sina hamu ya kula.

Jumapili, 2 Februari
Yona kaja baada ya ibada. Nimepika chai, nikaenda kumwita Mama. Chumbani hayupo. Nilimwona kupitia mlango wa nyuma. Fimbo kulia, fimbo kushoto, majani yanatikisika. Nilitaka kumkimbilia. Yona akanishika kanga.
Mama akaingia. Akafunga mlango wa choo. Tukasubiri kama watu walio hospitali. Akatoka, akarudi kwa njia ileile, polepole.
"Yona, umekuja na gari?"
"Ndiyo, Mama."
"Basi kanywe chai. Ukirudi Hombolo, unifungie kuku vizuri. Nitakuja msimu wa zabibu, kutembea tu."
Yona kaondoka peke yake. Begi nimelirudisha juu ya kabati, tupu.
Jioni nilipokwenda kufunga mlango wa nyuma, Mama alikuwa ameshaufunga. Komeo lilikuwa linanukia kivumbasi.