Mfereji, Kijiji na Ile Haya Yangu

Jumapili, 1 Februari

Nimerudi kutoka kazini, nyumba ya wazee, nimeoga, nimekaa. Miguu imevimba. Bibi wa chumba cha mwisho alinipiga teke wakati namvalisha soksi, akaomba radhi, kisha akanipiga tena. Sina kinyongo naye. Ningekuwa na miaka yake nami ningempiga mtu.

Dada Imani kanitumia vipeperushi vingine vya meli. Novemba anatimiza sabini na anataka kupita mfereji wa Panama. Marehemu mumewe alimwahidi. Watoto wake hawana nafasi. Nimebaki mimi. Meli moja inapita mfereji mzima, inaanzia Florida na kuishia California. Nyingine inaingia nusu, inageuzia kwenye ziwa la katikati, inarudi ilikotoka. Kanipa mimi kazi ya kuchagua. Leo hata chakula cha jioni kimenishinda kuchagua. Nimekula mkate na chai.

Jumatano, 4 Februari

Nimesoma vipeperushi kwenye basi. Kuna picha ya malango ya maji yanayopandisha meli juu ya mlima. Kuna bandari za kushuka: Cartagena, Limón, Panama. Mimi sitaki kuona kitu. Nataka kitanda ambacho sijakitandika mimi. Nataka mtu mwingine aulize nani anataka uji.

Nilipendekeza nusu. Siku chache, unarudi palepale. Imani kakataa. Kasema hakuna anayesherehekea miaka sabini kwa kugeuzia katikati. Kwa hilo ana haki. Basi, tutapita mfereji mzima.

Imani ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa hapahapa Marekani, mstaafu wa serikali, ana nyumba mjini Bowie yenye ngazi ndani. Kiswahili alikisoma darasani jioni, mimi nilikuwa naitwa kuzungumza na wanafunzi. Wenzake waliishia kwenye salamu. Yeye aliendelea, akaanza kunialika kula, ikawa hivyo miaka yote. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Kimevaa suti.

Ijumaa, 6 Februari

Siku mbaya. Wawili hawakuja kazini, tukabaki wachache kwa wazee wote wale.

Imani kapiga simu nikiwa nimeshika beseni. "Dada Paskalina, pana kijiji cha wenyeji wa asili, Waembera. Tutakwenda kwa mtumbwi. Watatupikia samaki na kutuchezea ngoma. Je, niandikishe majina yetu?" Kengele ya chumba inalia. Nikasema, "Haya."

Ilikuwa ile haya ya kukata simu. Haya ya kuchoka. Mtu wa kwetu angesikia sauti tu, angesema basi tutaongea ukitulia. Yeye kafundishwa kwamba haya maana yake ni sawa. Jioni nakuta ujumbe: ameshatuandikisha wote wawili. Ameweka na alama za mshangao. Nimekaa na koti langu mwilini mpaka nikasikia joto.

Jumapili, 8 Februari

Sikwenda kanisani. Nimelala, nimeamka, nimechoka vilevile.

Niandike hapa, maana sijawahi kumwambia mtu. Kijiji chetu kiko njia ya kwenda mbugani. Sisi Wairaqw zamani tulijenga tembe, nyumba ya udongo yenye paa la udongo, nusu imezama kwenye kilima. Babu alikuwa na tembe. Sisi tulilala kwenye nyumba ya bati nyuma yake. Gari la watalii likionekana barabarani, mwongozaji anapiga filimbi, tunakimbia sote kuingia tembeni ili tukutwe humo. Bibi anazima redio. Mimi navalishwa ngozi ya mbuzi juu ya gauni. Wanaingia wameinama, wanakohoa moshi, wanapiga picha. Mmoja aligusa nywele zangu kama anachagua kitambaa. Mwongozaji alipenda kutuambia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kweli tulipona, sukari haikukosekana. Lakini mpaka leo mtu akinielekezea simu kunipiga picha mwili wangu unakakamaa. Kwenye picha za harusi ya mwanangu Neema nimetoka kama mtu wa kitambulisho.

Na sasa mimi ndiye niende kwa mtumbwi kuinama kwenye mlango wa mtu. Sitaki. Nimeandika sitaki. Hapa ni rahisi.

Jumatatu, 9 Februari

Neema kapita akitoka kwake Riverdale Park kuniletea supu. Nikamweleza habari ya meli, si ya tembe. Nikasema kuna sehemu ya safari siitaki na sijui nimwambieje Imani.

"Mom, just tell her no. It's one word."

Kwao hapana ni neno moja. Kwetu ni ugomvi wa ukoo mzima. Mwanangu huyu ananielewa kila ninachosema, halafu hanielewi. Supu ilikuwa na chumvi nyingi. Nimeimaliza.

Alhamisi, 12 Februari

Nimejaribu. Imani kapiga kuuliza kama nimefurahia habari ya kwenda kijijini. Nikavuta pumzi, nikasema, "Tutaona."

Akacheka kwa furaha. "Ndiyo, dada! Tutaona mengi!"

Nimekaa kitako sakafuni jikoni. Nilicheka mpaka machozi, halafu yakabaki machozi tu. Kwetu tutaona ni mlango unaofungwa taratibu. Miaka yote hii nimemsahihisha ngeli, sikuwahi kumfundisha jinsi tunavyokataa. Ningemfundishaje? Mimi mwenyewe nakataa kwa kujificha nyuma ya maneno, na sababu ni haya, ile nyingine, ya kuona aibu. Nilisema haya kwa kuona haya. Hilo somo halimo kitabuni.

Jumamosi, 14 Februari

Imani katuma picha. Kanunua kofia mbili za jua zinazofanana, za siku ya kijiji. Yake ina utepe wa kijani, yangu mwekundu. Nimezichukia kofia zile. Nimejichukia na mimi.

Nikikataa, atasema basi asiende kabisa. Namjua. Nikikubali, nitakwenda nimekunja uso na ataona. Vyovyote vile nampoteza, na sina mwingine wa kuzungumza naye Jumapili. Ndiyo kweli yenyewe, haina mapambo.

Jumapili, 15 Februari

Nimesema.

Alikuja kunichukua tukale kwake. Kofia zilikuwa mezani. Sikungoja hata wali. Nikasema, "Dada Imani, kijijini sitaki kwenda. Ile haya haikuwa ndiyo." Nikamweleza yote, filimbi, tembe, ngozi, nywele.

Nilitegemea anihurumie. Hakunihurumia. Akasema polepole, kila neno limenyooka: "Wewe unacho kijiji cha kukikimbia. Mimi sinacho hata cha kukikimbia. Wazee wangu waliletwa, hakuna ajuaye kutoka wapi. Ninataka kukaribishwa mahali mara moja kabla sijafa. Hata kama ni kwa tiketi."

Nikamjibu, "Hukaribishwi pale. Unauziwa."

Nilitaka kulirudisha neno lilipotoka. Aliinuka akazima jiko. Hatukula. Na ubaya wa Bowie ni kwamba bila gari huendi popote, kwa hiyo ilibidi yeye huyohuyo anirudishe kwangu Hyattsville. Aliwasha kifuta kioo na mvua haikuwepo. Nikashuka nikasema asante. Akasema, "Usiku mwema," jua bado lipo.

Jumatano, 18 Februari

Imani hajapiga simu. Bibi wa chumba cha mwisho kanishika mkono leo, hakupiga teke. Nikaona hata yeye anajua nina jambo.

Nimemwandikia Imani ujumbe mara nyingi, nikafuta. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo wazee walivyosema. Wale watalii hawakufika hata siku ya pili. Imani amefika. Amelima na mimi: alinipeleka hospitali, alikaa na Neema akiwa mdogo nikiwa kazini. Nilimweka fungu moja na watu wa kamera. Lile ndilo linaloniuma, si kijiji.

Ijumaa, 20 Februari

Nimemtumia ujumbe mmoja. "Ulikuwa na haki ya kutaka. Sikuwa na haki ya kusema vile. Kwenda bado sitaki." Nikaweka simu kwenye droo ya vijiko nikaenda kazini bila hiyo. Nimerudi, nimeikuta haina kitu. Nimechoka mpaka kwenye meno.

Jumapili, 22 Februari

Imani kaja kunichukua kazini, hakusema kama anakuja. Nilimkuta mapokezi amekaa wima, mkoba magotini. Tukaenda kwake.

Alifungua kompyuta akanionyesha. Meli ni ileile, mfereji mzima. Siku ya kijiji jina ni moja, lake. Langu limetolewa. Hakunilaumu wala hakuniomba. Siku hiyo mimi nitalala melini na hakuna atakayeniamsha. Nilisoma mara mbili kuhakikisha.

Akaandaa chai. Akakaa mbele yangu akaniuliza, "Wale wageni. Ungetaka wafanye nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nilitaka kusema wangekaa kwao. Lakini haikuwa kweli.

Nikasema, "Ningetaka mmoja wao tu aniulize nasoma darasa la ngapi."

Alizungusha kikombe mezani. Nje mtu alikuwa anaparuza barafu kwenye kioo cha gari.

"Ulikuwa unasoma darasa la ngapi, dada?"

"La sita," nikasema.

"Na somo gani ulilipenda?"

Nikamwambia.