Tumehamia Nje

Sofu, Kibaha

Mpendwa Dada Efrazia,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti la mama limepata nafuu. Sisi huku tunaendelea. Mvua zimekatika, vumbi limeanza.

Uliniuliza kwenye simu kama bado nafundisha kuchora. Bado, ila ukumbi wa hapa Sofu tumeuacha. Siku hizi kila Jumamosi naenda na kikundi changu cha akina mama mpaka Vihingo, Kisarawe, shambani kwa kina Tatu, yule fundi cherehani niliyekusimulia. Tunatandika mikeka pembeni ya mihogo, na karatasi tunazikandamiza kwa mawe zisipeperuke. Siku moja siafu walitufukuza, rangi zikamwagika, wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi niliwatazama tu.

Kule ukumbini walikuwa wakiigana kuchora maua. Huku kila mtu anachora chake. Faudhia, aliyefiwa na mumewe mwaka jana na hakuwa msemaji, alichora jembe la marehemu limeegemezwa mlangoni, kisha akatusimulia mumewe alivyokuwa akiimba akilima. Wote walilia. Mimi nilimwambia kivuli cha jembe kimekaa vizuri.

Wananisifu kwa kuwatoa ndani, maana bati la ule ukumbi lilikuwa likituchoma. Nami nikawaacha waamini hivyo.

Jumamosi iliyopita wingu lilitanda. Nikaukanyaga mchoro wa Faudhia, nikaendelea kutembea. Hakukasirika. Alinivuta pembeni, akauliza taratibu, "Mwalimu, huoni?"

Nikamjibu, "Ndani mistari siioni tena. Nje bado naona kidogo."

Yeye ndiye wa kwanza kujua, na wewe wa pili. Ni presha ya macho, dada. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, na dawa ya matone itachelewesha tu. Nilimsikiliza kama anamwambia mtu mwingine. Nikatoka, nikapitia sokoni, nikanunua nyanya. Mpaka leo sijalia. Barua hii naiandikia uani, juani.

Faudhia sasa ananishika mkono tukipita kati ya mikeka. Ananieleza kila mmoja anachora nini, nami naelekeza. Wenzake hatujawaambia.

Mama usimwambie kwanza. Nisalimie shemeji na watoto. Wewe njoo, dada, hata kwa wiki moja, usingoje Krismasi. Nataka nikutazame.

Mdogo wako,
Adventina